Mwana-mbuzi Aliyekataliwa: Jinsi Mtoto wa Nyumba Anavyoweza Kumlea Mpaka Siku ya Maonyesho

Ninyi wazazi wa Mavivi na wa vijiji vya njia ya Beni na Oicha, mara nyingi mmeona mbuzi akizaa watoto wawili au watatu. Wenye nguvu wanyonya. Yule mdogo mama amsukuma kwa pembe, hamtaki. Hapo watu husema: «Atakufa tu, mwacheni.» Si vema kusema hivyo. Mara nyingi mwana-mbuzi huyo auawa na njaa na baridi, wala si na udogo wake. Mtoto wa miaka 10 mwenye kupenda kazi aweza kumwokoa, kumlea, na baadaye kumwongoza kwa kamba mbele ya watu wa maonyesho.

Mambo mawili ni makubwa kuliko mengine: maziwa ya kwanza ya mama, na ahadi ya baba.

1. Siku ya kwanza

Mkaushe mwana-mbuzi kwa kitambaa au majani makavu. Mtie dawa ya iodini kitovuni, ugonjwa usiingie. Mlaze karibu na moto, mahali pasipo moshi.

Kisha mpe maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano. Ndani yake mna nguvu ya kuzuia magonjwa, na mwana-mbuzi hakuzaliwa nayo. Ayapate upesi, muda wa saa 6 baada ya kuzaliwa usipite. Kesho yake tumbo halipokei tena nguvu ile.

Mama akikataa, mfungeni karibu na ukuta. Mtu mmoja amshike, mwingine amweke mdogo kwenye chuchu. Akizidi kukataa, mkamueni. Mama akiwa amekufa, tafuteni mbuzi mwingine aliyezaa siku ile. Mwana-mbuzi wa kilo moja na nusu apewe vijiko vikubwa 5 kila mara, mara 3 au 4 siku hiyo.

2. Maziwa ya kila siku

Maziwa ya mbuzi yapita yote. Yasipopatikana, maziwa ya ng’ombe yafaa, au maziwa ya unga yasiyoondolewa mafuta, yaliyochanganywa na maji yaliyochemshwa. Yawe na joto kama la mwili. Uji wa muhogo haufai: tumbo lake haliuwezi bado.

Tumia chupa yenye chuchu. Mwana-mbuzi asimame, ainue kichwa kidogo kama anyonyaye mama. Usimlaze chali, wala usimmiminie maziwa kooni, yataingia mapafuni naye atakufa. Juma la kwanza mnyweshe mara 4 kwa siku, kidogo kidogo. Akifika kilo 3, apate nusu lita kwa siku, kwa mara 3. Kila mara osha chupa kwa maji ya moto.

3. Majani, maji na nyumba

Kutoka juma la pili, mtundikie majani laini na umwekee maji safi. Hatakula mengi, lakini tumbo lajifunza kazi yake. Baada ya miezi 2 au 3, akila majani vema, punguza maziwa pole pole mpaka uyaache.

Nyumba yake iwe na sakafu ya miti iliyoinuliwa juu ya ardhi, mavi na mkojo vianguke chini. Huku kwetu mvua ni nyingi, na udongo wenye maji huozesha kwato. Usimpeleke malishoni kabla umande haujakauka, maana minyoo hupanda juu ya majani yenye maji.

4. Kumtayarisha kwa maonyesho

Kama shule, parokia au wafugaji wametayarisha maonyesho, mtoto aanze miezi 2 mbele. Kila siku amfunge mbuzi kamba shingoni, atembee naye, amfundishe kusimama bila kuogopa kelele. Ampige brashi, amkate kwato zilizozidi.

Waamuzi hutazama mgongo ulionyooka, miguu iliyosimama sawa, macho maangavu, na meno ya chini yakutanayo vema na ufizi wa juu. Wataweza kuuliza: amezaliwa lini? Alikula nini? Basi mtoto aandike mambo hayo katika daftari.

Mbuzi mwenye kuhara, au mwenye machozi na kamasi, abaki nyumbani. Sotoka ya mbuzi huenea palipokusanyika mifugo ya mahali pengi. Ulizeni chanjo yake kwa mganga wa mifugo mapema. Mbuzi akirudi, akae mbali na wenzake majuma 3.

5. Mbuzi huyu ni wa nani?

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosa. Mbuzi amenenepa. Mfanyabiashara atoka machimbo ya zahabu kwa pikipiki, kwa sababu kule watu wala nyama na hawafugi. Aonyesha fedha. Baba auza, na mtoto arudi shuleni akute kamba tupu.

Marekani vikundi vya watoto wa wakulima vyajulikana tangu mwaka 1902, vilipoanzishwa katika Ohio, na watoto wengi wapeleka mifugo kwenye maonyesho. Hata huko jambo hili laleta taabu. Mwaka 2022, katika California, msichana alipeleka mbuzi wake kwenye maonyesho ambamo wanyama huuzwa kwa kuchinjwa. Siku ya mnada alilia, asitake auawe. Mama yake alimwondoa mbuzi, lakini askari walikwenda kumchukua, naye akachinjwa. Maneno yakafika mahakamani, na mwaka 2024 wilaya ikakubali kulipa dola 300 000. Fedha hizo hazikumrudisha mbuzi.

Basi semeni mbele, kabla ya chupa ya kwanza. Baba aseme, mama na mtoto wakisikia: huyu ni wa mtoto, au ni wa nyumba? Baada ya maonyesho atauzwa au atabaki? Akiwa jike mwenye umbo jema, yafaa abaki azae. Akiwa dume wa kuuzwa, mtoto ajue tangu mwanzo, aambiwe bei, naye apate fedha yake ya daftari na ya kununua mbuzi mwingine.

Mtoto aliyeona ahadi ikishikwa ataokoa na mbuzi wa pili. Aliyedanganywa hatainama tena kumnywesha mwana-mbuzi, na kesho atawafuata wenzake machimboni. Wazazi, shikeni neno lenu.