Zawadi ya Sikukuu Huanza na Sindano

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, Mtaa wa Uhuru na Kariakoo nzima hapa Dar es Salaam hapapitiki. Ndivyo ilivyo Darajani kule Unguja, na ndivyo ilivyo Mtaa wa Biashara mjini Mombasa. Desemba nayo ikivuka tarehe 20, hali ni hiyo hiyo kwa wenzetu wa Krismasi. Kila mtu ana mfuko, kila mtu ana haraka, na kila mwenye duka anajua kwamba mwenye haraka habishani sana bei.

Sina ugomvi na maduka. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya zawadi ambazo hazingoji siku hizo za msukumano kwa sababu haziwezi kungoja, yaani zawadi zilizopita kwenye sindano na uzi. Nitazungumzia mbili ambazo karibu kila mmoja wetu amepata kutoa au kupewa, kanga na kofia. Mwishoni nitaongeza ya tatu, ambayo hata mtu asiye na fedha anaweza kuianza kesho. Hoja yangu ni moja. Zawadi ya mkono ni muda wa mtu uliotiwa ndani ya kitambaa, na sisi tunaonunua tunapaswa kujua kuusoma muda huo. Usiposomeka haulipwi, na usipolipwa, mkono utaiacha sindano.

Tuanze na kanga. Wengi hudhani kanga ilianzia kiwandani kama tunavyoiona leo. La hasha. Habari inayosimuliwa pwani ni kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake walikuwa wakinunua leso, vile vitambaa vya mraba vya mkononi ambavyo jina lake limetokana na Kireno. Leso hizo ziliuzwa zikiwa bado zimeungana katika jora, muuzaji akikata kadiri ya haja. Wanawake wakawa wananunua sita kwa pamoja, wanazikata tatu tatu, kisha wanaviunga vipande hivyo viwili ubavu kwa ubavu kwa sindano. Ikapatikana nguo moja pana ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona jinsi ilivyopendwa, wakaagiza kitambaa kizima kisicho na maungio. Kwa maneno mengine, kiwanda ndicho kilichomwiga mshonaji. Mombasa mpaka leo wanaiita leso, na jina la kanga, wanasema wazee, lilitokana na madoa meupe ya nguo za mwanzo, yaliyofanana na ya yule ndege.

Kwa miaka mingi kanga zetu zilichapwa ng'ambo, katika nchi kama Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Baadaye viwanda vya hapa navyo vikaingia katika kazi hiyo, kikiwamo cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Lakini popote inapochapwa, kanga ina sehemu tatu. Kuna pindo, ule ukingo unaoizunguka pande zote nne. Kuna mji, yaani katikati. Na kuna jina, yale maneno yaliyoandikwa ndani ya kisanduku upande wa chini wa mji.

Maneno hayo hayakuwapo tangu mwanzo. Yaliongezwa mapema katika karne ya 20, na jambo hilo hutajwa pamoja na jina la mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla". Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi tunazozitumia sasa. Bibi ambaye hakujaliwa kusoma alimwita mjukuu amsomee kabla hajafungua kibindo. Nathubutu kusema kwamba katika nyumba nyingi zisizokuwa na kitabu hata kimoja, maandishi ya Kiswahili yaliingia kwanza kwa njia ya kanga.

Sasa hapa ndipo wanunuzi wa dakika ya mwisho wanapoumbuka. Bwana anaingia dukani, anaona rangi nzuri, analipa, anafungiwa. Jioni anamkabidhi mama mkwe wake zawadi ya sikukuu yenye maneno "Hasidi hana sababu". Yeye amenunua rangi, mama mkwe amepokea barua. Hata akiapa kwamba hakusoma, ataaminiwa na nani? Kanga imepewa kazi ya kusema yale ambayo mdomo unayaonea haya, na uzuri wake ni kwamba aliyeivaa anaweza kukana. Jirani akinung'unika, jibu ni jepesi: "Mimi nimependa maua tu." Kwa kuwa sote tunajua mchezo huo, anayetoa kanga huhesabiwa amesema alichokitoa.

Kwa hiyo isome kanga yote kabla hujalipa. Kwa mama mzazi, "Nani kama mama" haijapata kukosea. Kwa mwari anayeingia nyumbani kwake, tafuta dua au shukrani, usitafute kijembe. Kwa mkwe, chagua maneno yasiyokuwa na upande wa pili. Na kama mwenye duka anasema maneno hayana maana siku hizi, mwulize mbona yeye mwenyewe anaziita kanga zake kwa majina yake.

Kuna jambo jingine kuhusu kanga ambalo tunalisahau. Hununuliwa kwa doti, yaani mbili zilizoungana, na huwa bado hazijakatwa wala kukunjwa kingo. Fundi wa cherehani aliyeketi barazani atakumalizia kazi hiyo papo hapo. Lakini yuko mama ambaye huichukua doti nyumbani, akaikata na kuikunja kwa mkono. Kanga moja ina upana wa karibu mita 1.1, na doti ina kingo nne za kukunjwa. Hiyo ni karibu mita nne na nusu za mshono mdogo mdogo. Anayepewa kanga ya namna hiyo hupewa na jioni kadhaa za aliyeishona. Ndiyo maana nasema kanga ina maandishi mawili: yale ya kiwanda yanayosomwa kwa macho, na yale ya sindano yanayosomwa kwa vidole.

Tuje kwenye kofia. Kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, ile ya viua, ni zawadi ambayo mwanamke wa pwani amekuwa akimwandalia mume, mwana au mchumba kwa ajili ya sala ya Idd. Watu huiangalia na kuona kofia tu. Hebu tuifungue tuone imejengwaje.

Kofia ina vipande viwili. Kimoja ni utepe mrefu unaozunguka kichwa, kingine ni duara la juu. Ugumu wa kwanza ni hesabu. Kichwa chenye mzunguko wa sentimita 57 kinataka duara lenye upana wa karibu sentimita 18, mbali na mapindo. Duara likizidi kidogo, kofia itakunjamana juu. Likipungua, utepe utabaki. Ndipo nakshi huchorwa kwa kalamu juu ya kitambaa, maua na nyota na vijimraba, na mstari uliopinda kwa mchoraji utabaki umepinda mpaka mwisho.

Baada ya hapo huanza kudarizi. Sindano hufuata mchoro mshono kwa mshono. Viua vyenyewe ni vitobo vidogo vinavyotobolewa katika kitambaa, na kila kitobo huzungushiwa uzi ukingo wake wote ili kisichanike. Vitobo hivyo ni pambo, na pia ni madirisha ya kupitisha hewa, maana kofia hii ni ya nchi ya joto. Kofia moja huwa na vitobo mamia. Mwisho vipande viwili huunganishwa, kofia hufuliwa, hutiwa kanji na kukaushwa juu ya kitu cha mviringo ili isimame. Kofia nyepesi huchukua wiki kadhaa. Ile yenye nakshi nyingi huchukua miezi.

Ufundi huu haukubaki kwetu. Visiwani Komoro kofia ya kudarizi ni heshima ya mwanamume, na Oman ile wanayoiita kumma, inayovaliwa na mkubwa na mdogo, ina undugu wa karibu na kofia ya Unguja kwa sababu ya watu waliokwenda na kurudi kati ya pande hizo mbili kwa vizazi vingi. Mtu wa Maskati anayeweka kumma yake kichwani na mzee wa Malindi ya Unguja wanaelewana bila mkalimani.

Sasa tufike penye maumivu. Madukani zimejaa kofia za mashine. Kwa mbali zinafanana, bei ni rahisi, na simlaumu baba mwenye watoto watano wa kiume anayezinunua. Ninayemlaumu ni yule anayeshika kofia ya mkono, anataja bei ya ile ya mashine, kisha anamwambia mshonaji kwamba anajiuzia ghali.

Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Chukua mama anayeshona saa 2 kila usiku, kazi za nyumbani zikiisha na watoto wakilala. Akishona siku 40, hizo ni saa 80. Sasa chukua bei uliyotajiwa. Ondoa kitambaa, ondoa uzi, ondoa ya mchoraji, ondoa faida ya mwenye duka. Kilichobaki kigawe kwa 80. Jibu utakalolipata ndilo malipo ya saa moja ya macho na vidole vya mama huyo. Lilinganishe na nauli ya daladala uliyolipa kwenda dukani. Ukimaliza kulinganisha, endelea kupunguza bei kama bado una uso wa kufanya hivyo.

Binti wa mama huyo naye anajua kugawa. Amemwona mama yake anainama taa inazimika, anaona bei inashuka kila mwaka, anajiambia ni heri kuuza maji ya baridi stendi. Hatuwezi kumlaumu. Ufundi hufa siku hesabu ya mtoto inapokataa. Tukifika hapo, hotuba zetu za kuhifadhi utamaduni hazitashona hata kiua kimoja.

Tufanye nini basi? La kwanza, agiza mapema. Anayetaka kofia ya Idd el Fitr aagize angalau mwezi Rajabu; anayetaka kitambaa cha kufumwa cha makochi au shuka ya kudarizi kwa Krismasi aagize kabla ya Oktoba. Mshonaji aliyeagizwa mapema hashoni kwa pupa, nawe hununui makosa. La pili, toa arubuni. Fedha kidogo za mwanzo humnunulia uzi na kumwokoa asikope kwa mchuuzi atakayemlipa nusu. La tatu, ukiweza, nunua kwa mshonaji mwenyewe. La nne, jifunze kuisoma kazi: geuza kofia ndani uone mishono kwa upande wa pili. Kazi ya mkono iliyo safi ina nidhamu ndani kama nje.

Nimeahidi ya tatu, zawadi ya asiye na fedha. Nenda kwa fundi cherehani wa mtaani kwako umwombe vipande vinavyobaki, vile anavyovitupa. Chagua vya pamba, vifue, kisha kata miraba 30 ya sentimita 20 kila upande. Ukiacha sentimita 1 ya mshono pande zote, kila mraba utabaki na sentimita 18. Ipange mitano kwa sita, iunge safu kwa safu, halafu weka nyuma kanga kuukuu iliyolainika. Utapata shuka ya mtoto mchanga ya sentimita 90 kwa 108. Ukishona miraba miwili kila jioni, siku 15 umemaliza kuunga. Na usidhani unatoa matambara. Kumbuka kanga yenyewe ilizaliwa kwa vipande sita vilivyoungwa na wanawake ambao majina yao hatuyajui.

Jioni hizo zina faida nyingine. Mikono ikiwa na kazi, masikio yako huru. Mweke mtoto wa darasa la tano karibu na taa, asome kitabu kwa sauti huku wewe unashona. Yeye atazoea kusoma mbele ya watu, wewe utapata hadithi bure, na mdogo wake atakayelalia shuka hiyo ataambiwa siku moja ilishonwa hadithi gani ikisomwa.

Sikukuu ni siku moja au chache, lakini maandalizi yake ni majuma mengi, na katika majuma hayo ndimo tunamoamua kazi ya nani itaendelea kuishi. Ukipita dukani juma hili ukaona kofia ya viua, usiulize bei kwanza. Igeuze, isome, ndipo uulize.