Waya wa Nuru Waingia Nyumbani: Upimwe Kwanza, Saini Baadaye

Katika mtaa wa Kyebando, kaskazini mwa jiji la Kampala, nyumba zimesongamana tangu mtelemkoni hadi bondeni unakopita mfereji wa Nsooba. Juu ya nguzo za mitaa ya namna hii siku hizi huonekana waya mweusi, mwembamba, usiochukua umeme. Ndani yake mna uzi wa kioo safi, na ndani ya uzi hupita nuru. Wananchi wameuzoea kwa jina la faiba. Kwa familia ambayo baba yuko kambini au katika kituo cha polisi cha mbali, waya huo ndio mlango wa kuonana naye jioni. Basi yafaa ulipiwe kwa akili.

Mwaka 1966 mtaalamu Charles Kao, akiwa Uingereza, alieleza kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha chaweza kupeleka nuru masafa marefu. Mwaka 2009 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwezi Julai wa mwaka huo huo, mkongo wa SEACOM uliolazwa chini ya Bahari ya Hindi ulianza kazi Mombasa. Kabla ya hapo Uganda, nchi isiyo na pwani, ilitegemea sana setilaiti zilizo kilomita 36,000 angani, na jibu la mtu lilichelewa nusu sekunde. Mwezi Novemba 2013 kampuni ya Google ilitangaza mkongo wa jiji la Kampala, ili makampuni ya huduma yautumie.

Hata hivyo, safari hiyo ndefu yaweza kuharibika katika mita 20 za mwisho, dirishani au nyuma ya kabati. Hapo ndipo mwenye nyumba ana neno.

KUCHAGUA

Njia ya nuru katikati ya uzi ina upana wa kama mikroni 9, mara nyingi chini ya unywele. Uzi ukikunjwa mno, nuru huvuja. Aina ya kawaida, iitwayo G.652, hutaka kona yenye nusu kipenyo cha milimita 30. Aina ya G.657 ilibuniwa kwa ajili ya majumba. Hustahimili milimita 10, na nyingine hata 7.5. Kwa vyumba viwili vilivyojaa samani, hii ya pili ndiyo ifaayo. Mara nyingi jina lake limeandikwa juu ya ganda la waya.

Plagi nazo zina rangi. Ya kijani uso wake umekatwa mshazari wa digrii 8. Ya buluu haukukatwa hivyo. Kijani huingia kwenye kijani, na buluu kwenye buluu.

KUFUNGA

Waya uachiwe kitanzi kinachoning'inia nje kabla ya kuingia ukutani, ili maji ya mvua yadondokee hapo. Kioo hakishiki kutu, lakini kisanduku cha umeme huharibiwa na maji. Kwa nyumba za bondeni kiwekwe juu ukutani. Waya wa ziada uviringishwe kwa ukubwa wa sahani, usikazwe kwa misumari. Adui mkubwa wa plagi ni vumbi. Haifutwi kwa kidole wala shati, bali kwa kitambaa chake maalumu.

KUPIMA

Upotevu wa nuru huhesabiwa kwa desibeli. Kila desibeli 3 zikipotea, nusu ya nuru imekwenda. Kilomita mbili za uzi hula kama 0.7, viungo vinne vilivyochomelewa vizuri, 0.4, plagi nne safi, 1.2, na kigawanyi cha nyumba 32, kama 17. Jumla ni 19.3. Nuru ikitoka kituoni na nguvu ya 3, itafika nyumbani ikiwa hasi 16 hivi. Kipimo cha fundi kikionyesha hasi 25, desibeli karibu 9 zimepotea njiani, na nuru imebaki kama sehemu moja ya nane ya ile iliyotazamiwa. Huduma yaweza kuwaka siku hiyo, lakini vumbi kidogo au mkunjo mmoja utaizima, maana visanduku vingi vya nyumbani vina kikomo cha karibu hasi 27.

Kwa hiyo mwenye nyumba amwombe fundi aandike tarakimu hiyo kwenye karatasi ya mapokezi. Baada ya miezi, huduma ikilegea, ipimwe tena. Tarakimu ikiwa ile ile, kosa si la waya wa nyumbani. Ikiwa imeshuka, fundi ana pa kuanzia.

USALAMA

Nuru ya faiba haionekani kwa macho, lakini yaweza kuyadhuru. Mtu yeyote, hasa mtoto, asichungulie ncha ya waya uliokatika. Vipande vya kioo anavyokata fundi ni vyembamba mno, na huingia ngozini kama miiba. Vikusanywe kwa utepe wa gundi, vitiwe katika chupa yenye kifuniko. Wala mtu asile chakula mahali hapo kabla ya kusafishwa.

Askari hupokea silaha ghalani kwa kuikagua kwanza, kisha hutia saini. Nyumba yake nayo ipokee waya wa nuru kwa desturi iyo hiyo.