Toleo 3.10: nukta isiyo ya desimali
Nukta katika namba ya toleo la programu hutenganisha namba kamili, kama sura na aya: ya 10 hufuata ya 9. Hivyo 3.10 husomwa “tatu nukta kumi”, si “tatu nukta moja sifuri”. Lugha ya kompyuta ya Python ilitoa 3.9 mwaka 2020, kisha 3.10 mwaka 2021. Mwanafunzi wa Buzebazeba, Kigoma, mwenye bando la kupakua mara moja tu, akifuata hesabu ya darasani, atachukua 3.9 akidhani ndiyo mpya; na bando limekwisha.

Mfasiri naye asichanganye: “toleo” ni programu yenyewe katika hatua fulani, ilhali “sasisho” ni kinachopakuliwa ili kuifikia hatua hiyo.