Ramani ya Rukwa ya kubonyeza: itengeneze mwenyewe kwa HTML

Haya wadau, leo ni HTML. Una picha ya ramani ya Rukwa, unataka mtu akibonyeza Nkasi aende ukurasa wa Nkasi, akibonyeza Kalambo aende Kalambo. Sio lazima ukate picha vipande. Picha inabaki moja, wewe unagawa maeneo juu yake.

Ila kwanza angalia ramani yenyewe. Tangu 2012 Mpanda iko mkoa wa Katavi, lakini ramani za zamani zinazoionyesha ndani ya Rukwa bado zipo mtandaoni. Ukiweka hiyo, unampoteza mwanafunzi anayekuamini.

Fungua picha kwenye Paint. Peleka mausi kwenye kona ya eneo, chini utaona namba mbili: pikseli kutoka kushoto, halafu pikseli kutoka juu. Ziandike pembeni. Sasa Notepad (namba hizi ni za mfano tu):

<img src="rukwa.png" width="600" height="400" usemap="#rukwa" alt="Ramani ya Rukwa">
<map name="rukwa">
<area shape="circle" coords="330,230,25" href="manispaa.html" alt="Manispaa">
<area shape="rect" coords="305,180,540,360" href="sumbawanga.html" alt="Sumbawanga vijijini">
<area shape="poly" coords="150,220,300,240,280,380,120,340" href="kalambo.html" alt="Kalambo">
<area shape="rect" coords="60,20,330,170" href="nkasi.html" alt="Nkasi">
</map>

Rect inataka kona ya juu kushoto na ya chini kulia. Circle inataka katikati, kisha nusu kipenyo. Poly unaandika kila kona, mbili mbili. Inafaa mipaka iliyopinda, kama ule wa Ziwa Tanganyika.

Umeona Manispaa imetangulia? Duara lake liko ndani ya Sumbawanga vijijini. Maeneo yakipandana, lililoandikwa kwanza ndilo linashinda. Ukigeuza mpangilio, mtu anabonyeza mjini anajikuta kijijini!

Tatizo kubwa ni simu. Ukiruhusu picha ijipunguze ienee kwenye kioo kidogo, namba za coords hazipungui nayo, kwa hiyo mtu atagusa Nkasi afunguliwe kwingine. Dawa rahisi: acha picha na ukubwa wake, halafu chini yake weka linki za kawaida za majina yote. Hata picha ikigoma kufunguka kwa mtandao wa kusuasua, msomaji anafika.

Zuri zaidi, kujaribu hakuhitaji intaneti. Sevu rukwa.html folda moja na picha na kurasa zako, fungua kwenye brauza, bonyeza kila eneo. Pesa ya kafe itumike kupandishia tu. Kazi kwenu!