Bunduki katika nyumba ya mbao

Waijuao Goma wanajua jinsi nyumba nyingi za Majengo zilivyojengwa. Ardhi yetu ni jiwe jeusi la volkano. Msingi hupangwa kwa mawe hayo hayo, juu yake husimamishwa mbao, na juu ya mbao bati. Ukikohoa usiku, jirani hukupa pole asubuhi. Twaanza kwa jambo hili dogo kwa kuwa litatufaa katika swali kubwa, ambalo akina baba huulizana baada ya Misa, na wanafunzi wetu wakubwa hutuletea hata darasani: je, baba wa nyumba asiye askari ana haki ya kuweka bunduki nyumbani mwake, apate kuwalinda watoto wake?

Swali hili si la wajinga. Wasemao ndiyo husema hivi: wezi wanazo, askari wanazo, vijana wa vilimani wanazo, mimi peke yangu nina panga la kukatia majani. Tena hukumbusha methali ya kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, maana polisi aitwaye saa nane ya usiku hufika saa mbili ya asubuhi, akifika. Wengine huongeza kuwa Kanisa lenyewe lafundisha ya kuwa ni halali mtu kuulinda uhai wake, na ya kuwa baba ana wajibu juu ya wale aliokabidhiwa. Hayo ni kweli, wala hatutaki kuyapunguza. Na wale wasomao habari za mbali hutaja Marekani, ambako haki ya raia kuwa na silaha imo katika katiba tangu mwaka 1791.

Kwetu sheria yasema vingine. Amri ya tarehe 3 Septemba 1985 yakataza raia kuwa na silaha ya moto pasipo kibali. Mwaka 2004 nchi yetu ilitia sahihi Itifaki ya Nairobi pamoja na majirani, wakakubaliana kwamba bunduki za kufyatua mfululizo zisiwe mikononi mwa raia. Na raia akamatwaye na silaha ya vita hupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Lakini yaliyoandikwa ni haya, na yaliyotendeka ni mengine. Tarehe 3 Novemba 2022 Rais Félix Tshisekedi aliwaita vijana wajipange katika vikundi vya ulinzi, wakati M23 walipokuwa wakisonga mbele. Na mwaka 2023 ikatoka sheria ya kuunda jeshi la akiba. Vikundi vingi vikajiita Wazalendo. Wako waliokwenda vitani kwa moyo mweupe wasirudi, nasi hatutawatukana wafu. Hata hivyo bunduki iliyoshikwa kwa ajili ya vita vya vilimani iliteremka mjini. Mwaka 2024 watu wa Goma waliwazika wabadili fedha, wenye maduka na waendesha pikipiki waliouawa kwa risasi jioni, na mara nyingi hakuna aliyejua kwa yakini kama mwuaji alikuwa mwivi, askari au mlinzi wa wananchi. Amri zilisomwa kwamba wenye silaha wasitembee mjini. Amri zikasomwa, na bunduki zikaendelea kutembea.

Ikaja Januari 2025. Tarehe 27 M23 waliingia Goma, na siku ile ile wafungwa wa gereza la Munzenze wakavunja na kutoka kwa maelfu. Miongoni mwa askari walioshindwa, wako waliopeleka silaha zao kwa MONUSCO. Wengine walivua sare njiani na kuziacha bunduki mitaroni na nyuma ya vyoo. Watoto ndio waliotangulia kuziona. Hospitali ya CBCA Ndosho ikajaa majeruhi wa risasi, hata wakalazwa sakafuni, na Umoja wa Mataifa ulisema kwamba maiti zilizohesabiwa zilikuwa karibu 2,900. Wako akina mama na watoto waliopigwa wakiwa ndani ya nyumba zao, wamelala chini kama walivyofundishwa na wazazi wao.

Sasa turudi kwenye mbao zetu. Tumwone baba aliyejipatia bunduki. Mlango wagongwa usiku, umeme umekatika, naye hajui waliosimama nje ni wangapi. Afyatua. Risasi ile hupita ubao wake, kisha ubao wa jirani, kisha godoro walilolalia watoto wanne wa jirani. Katika nyumba ya mawe labda ingekoma ukutani, Majengo haikomi. Hatuoni mtu awezaye kulenga vema gizani kupitia mlango wake mwenyewe.

Tena kuna jambo ambalo wenye kutetea bunduki hulisahau. Mwivi aingiapo kwetu hutaka simu na fedha. Akisikia kwamba nyumbani mwa fulani mna bunduki, atataka bunduki kwanza, naye atafyatua kabla ya kubisha. Na mtaa uzungukwapo alfajiri na wenye kupekua, wawe wa utawala huu au wa ule, yule aliye na silaha chini ya kitanda hahesabiwi tena kuwa baba wa watoto. Huhesabiwa kuwa mtu wa upande wa pili, na wanawe wakubwa pamoja naye.

Basi mitaa imejitafutia njia nyingine. Mwivi akionekana, filimbi hupulizwa na masufuria hupigwa nyumba kwa nyumba, mpaka mtaa mzima umeamka. Wezi huchukia sana kelele. Lakini hatufichi kwamba sufuria nayo imewahi kumwua mtu: umati ulioamshwa huweza kumchoma kijana aliyekuwa akipita tu. Kwa hiyo twasema wakuu wa nyumba kumi wawe mbele ya umati, wala si nyuma yake, na aliyekamatwa afikishwe akiwa hai.

Zabaki zile bunduki zilizokwisha fichwa. Katanga, baada ya vita iliyokwisha mwaka 2003, shirika la PAREC la Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda liliwapa baiskeli walioleta silaha. Huyu ni Mprotestanti, wala hatuoni haya kujifunza kwake. Baiskeli humlisha mwenyewe mchana, mbele ya watu wote. Tungependa maparoko, wachungaji na maimamu wa mji huu waombe kwa pamoja mahali pamoja na siku moja ya kupokelea silaha, pasipo kuulizana majina, na utawala wowote ule uiheshimu siku hiyo.

Twasema hivyo kwa sababu ya baba mmoja aliyetujia jioni, baada ya masomo. Nyuma ya jiko lake, kati ya mawe ya volkano, aliikuta bunduki iliyotupwa siku zile za Januari. Akiipeleka, ataulizwa aliipata wapi, na kwa nini amekawia. Akiitupa, mtoto wa mwingine ataiokota. Akiiacha, ni yake. Alitutaka shauri, nasi, tuliosoma miaka mingi, hatukuwa na mahali pa kumwelekeza. Tulimwambia asiiguse, awaonye watoto, angoje. Alitushukuru kwa adabu, akaondoka. Ameongeza mawe mengine juu yake, na mkewe huanika nguo hapo.