Si uzee unaong'oa meno, ni ukoga

Huku kwetu Likoni, Kisauni na Changamwe, mzee akipoteza meno twasema, "Ni umri." Sivyo. Meno 32 ya mtu mzima yaweza kudumu hadi uzeeni. Kinachoyang'oa mara nyingi ni maradhi ya fizi.

Huanza hivi: ukoga laini hujikusanya mpakani mwa jino na ufizi. Usiposuguliwa hugeuka mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauutoi tena. Fizi huvimba, hutoka damu, na mfupa unaoshika jino huliwa polepole. Mara nyingi hapana maumivu, ndipo mtu huchelewa.

Mwenye kisukari ajihadhari zaidi: sukari ikipanda, fizi huugua upesi, na fizi zikiugua, sukari huwa ngumu kushuka. Baadhi ya dawa za presha nazo hukausha mate, na mate ndiyo kinga ya meno. Sigara na tambuu yenye tumbaku huongeza madhara.

Mswaki wa mti ni Sunna, na wafaa sana ukichambuliwa ncha vizuri na kufikishwa hadi magegoni. Kabla ya kulala, tumia dawa ya meno yenye floridi. Meno ya bandia yavuliwe usiku na kuoshwa.

Ukiona damu, usiache kupiga mswaki. Nenda kwa daktari wa meno, iwe Coast General au hospitali iliyo karibu nawe, akutoe ukoga. Usingoje jino litikisike. Likifika hapo, huenda likalazimika kung'olewa.