"KOMPYUTA HAIKUTOA": TUULIZE KARATASI ZETU ZIMESIMAMA WAPI



Mara nyingine mwisho wa mwezi mfanyakazi hufika dirishani kwa karani kuchukua karatasi yake ya mshahara, akaambiwa: "Kompyuta haikutoa." Hurudi nyumbani hajui amekatwa nini, wala kama saa zake za ziada zimehesabiwa. Sisi wa chama tumeambiwa neno hilo mara nyingi. Tulikwenda kuwauliza wenzetu wanaoendesha mashine hizo, nao wakatuonyesha kwamba hilo si jibu. Ni mwanzo wa maswali.

Kwanza tuijue mashine. Hatusemi kompyuta ndogo ya mezani, bali ile kubwa iitwayo meinifremu. Kampuni ya IBM ilitangaza mashine zake za System/360 mwaka 1964, na wajukuu wa mashine hizo wangali wanatumika leo katika mabenki makubwa na ofisi za serikali za nchi nyingi. Humo kazi ya mishahara hufanywa kwa mafungu: saa za watu wote hukusanywa, kisha usiku hupitishwa pamoja, bila mtu kukaa akitazama kila hesabu. Asubuhi karatasi hutakiwa ziwe tayari.

Wenzetu wa mashamba ya chai wataelewa upesi. Gunia la majani hutoka shambani, hupita mzanini, hupanda lori, hufika kiwandani. Lisipofika, hatusemi limepotea tu. Tunauliza kila kituo. Ndani ya kompyuta yuko karani wa namna hiyo, programu iitwayo JES2. Hupokea kazi, huipa namba, huipanga foleni, hupeleka majibu yake kuchapwa, na mwisho huyafuta. Basi tuulize hivi:

1. Je, kazi iliingia? Kila kazi iliyopokelewa ina namba. Kama namba haipo, huenda haikupelekwa kabisa.

2. Je, ilianza? Amri za kazi huandikwa kwa lugha iitwayo JCL. Mkato mmoja ukikosekana, mashine yaweza kuikataa kazi yote kabla ya kuhesabu hata senti moja. Au kazi ingali foleni, ikingoja zamu.

3. Je, ilifika mwisho? Kazi moja ina hatua kadhaa, na kila hatua ikiisha huacha namba. Sifuri ni salama. Nne kwa kawaida ni onyo. Nane na kupanda huwa ni kosa. Hatua ya kwanza ikiharibika, hatua ya kuchapa yaweza kurukwa kwa sababu amri zimesema hivyo. Ikionekana alama S0C7, maana yake mashine ilikuta kitu kisicho namba mahali pa namba. Mara nyingi ni nafasi tupu. Saa za mtu mmoja zisipojazwa, watu wote waweza kukosa karatasi.

4. Kama kila hatua ilimalizika salama, majibu yalikwenda wapi? Kila majibu hupewa daraja kwa herufi au tarakimu moja. Kama hakuna printa iliyowekwa kwa daraja hilo, hukaa foleni yakingoja. Yaweza pia kuwa yamezuiwa mpaka mtu ayafungulie, au yamepelekwa kwa printa ya ofisi nyingine, au amri zilisema yatupwe.

Hapa ndipo penye uzito, ndugu. Karatasi kukosekana si dalili kwamba hesabu haikufanyika. Huenda hesabu imekwisha na makato yamekwisha kuandikwa. Mkubwa akiamuru kwa haraka "rudieni kazi yote," mtu aweza kukatwa mara mbili. Kabla ya kurudia lazima ijulikane ilisimama hatua gani.

Kwa hiyo, wajumbe wa matawi, siku hiyo hiyo ombeni mambo haya kwa maandishi: jina la kazi, namba yake, tarehe, na namba iliyoachwa na kila hatua. Ombeni pia nakala ya kumbukumbu ya kazi, ambayo kompyuta huiandika yenyewe. Msingoje wiki mbili, maana kumbukumbu nayo hufutwa.

Wala tusimgombeze mwendeshaji wa zamu ya usiku. Naye ni mfanyakazi kama sisi, na mara nyingi ndiye anayejua mahali kazi iliposimama. Swali letu ni kwa mwajiri.

Tulipe jasho letu kompyuta? Hapana. Kompyuta haikutuajiri. Aliyetuajiri ndiye mwenye deni letu, karatasi ziwepo zisiwepo.

Umoja ni nguvu.